Vakyumu kwenye programu ya stresi ya mabomba: unaandika nini, na unakagua nini nje ya programu

Kila mwaka vijana wa fildi wakija ofisini kwetu hapa Dar lazima mmoja aniulize, kaka, hii laini iko kwenye vakyumu, yaani ndani imevutwa hewa ikabaki tupu, sasa kwenye kisanduku cha presha naandika nini, sifuri au hasi moja? Na nikimwangalia naona tayari ana wasiwasi kwa sababu ameshajaribu zote mbili na ripoti zimetoka karibu sawa, kwahiyo anahisi kuna kitu hakielewi. Na ni kweli kuna kitu hajakielewa, ila sio kile anachodhani yeye.

Ngoja niseme mapema kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umepata cha kuondoka nacho. Stresi, yaani mkazo ndani ya chuma cha bomba, inayotokana na vakyumu yenyewe ni ndogo mno. Hatari iko sehemu mbili: bomba kubonyea, ambako programu nyingi za stresi hazikagui, na belosi (kipande cha bomba chenye mikunjo, kinachofupika na kurefuka) kuvuta ndani badala ya kusukuma nje, ambako programu inakagua ila kwa namna ulivyoiambia wewe tu. Ukikosea hizo mbili ripoti itatoka kijani yote, asilimia thelathini ya kikomo, asilimia arobaini, halafu bomba likaharibika siku ya kwanza ya kuwasha.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho. Kiwanda cha kusafisha mafuta ya kula, kama vile vilivyopo huku maeneo ya viwanda ya Barabara ya Nyerere. Kuna mtambo wa kuondoa harufu kwenye mafuta, mawese au alizeti, unafanya kazi kwenye nyuzi kama 240 na ndani yake presha ni milibari 3 absoluti. Juu ya mtambo linatoka bomba pana la mvuke kwenda kwenye ejekta, kile kifaa kinachovuta vakyumu. Tuseme inchi 20 stenlesi ya 304, skeduli 10S, yaani kipenyo cha nje milimita 508 na unene milimita 5.54. Bomba pana, jembamba, la moto, na ndani hakuna kitu, kwa hiyo kila tatizo la vakyumu unalipata hapo.

Hatua ya 1: Ijue presha yako ni ya aina gani kabla hujagusa kibodi

Watu wa prosesi wanaandika absoluti (inahesabiwa kuanzia utupu kamili), programu nyingi za stresi, CAESAR II ikiwemo, zinataka geji (inahesabiwa kuanzia presha ya anga). Milibari 3 absoluti ni sawa na hasi 101 kPa geji, kwa usanifu tunachukua vakyumu kamili, hasi 101.3 kPa au hasi 1.013 bar. Linaonekana jambo dogo ila nimeshapokea modeli ambayo mtu alisoma 3 kwenye karatasi ya data akaandika 3 bar, programu ikapokea vizuri tu bila kelele, na anka zote (sehemu bomba linapofungwa lisisogee) zikasanifiwa kwa nguvu inayosukuma nje wakati kwa uhalisia inavuta ndani, tena mara tatu ya ukubwa wake. Andika kwenye daftari lako neno absoluti au geji pembeni ya kila namba. Kila namba.

Kama mradi uko Mbeya, kule kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, presha ya anga ni kama 82 kPa tu, kwahiyo vakyumu kamili ya Mbeya ni ndogo kuliko ya Dar ambapo tuko usawa wa bahari. Mimi sipunguzi. Naweka 101.3 popote, tofauti yenyewe haikuokolei hela ya maana na vifaa vinahamishwa.

Hatua ya 2: Tafuta vakyumu ambayo haijaandikwa

Hii ndo hatua watu wanairuka. Laini yako inaweza kuandikwa kwenye data kwamba ni ya presha chanya, 3.5 bar, basi, na bado ikaingia vakyumu. Chukua laini inayosafishwa kwa mvuke kabla ya matengenezo. Wamepiga mvuke, hewa yote imetoka, wamefunga valvu pande zote mbili wakaenda kula. Mvuke unapoa. Kilo moja ya mvuke kwenye nyuzi 100 inachukua kama mita za ujazo 1.67, ikigeuka maji ni lita moja tu, imepungua zaidi ya mara 1,600. Ikifika joto letu la Dar, nyuzi 30, presha iliyobaki ndani ni kama 4 kPa absoluti. Maana yake una vakyumu ya 97 kPa kwenye laini ambayo hakuna mtu aliiita ya vakyumu.

Mama yeyote aliyewahi kumimina maji ya moto kwenye dumu la njano la lita 20, akayamwaga na kufunga kifuniko haraka, anaijua hii. Dumu linakunjamana lenyewe pale chini.

Kingine ni laini ndefu ya wima ikiwa inamwagwa kutoka chini bila tundu la kuingiza hewa juu. Na kingine, umeme ukikatika ghafla kwenye laini kubwa ya maji inayosukumwa kupanda mlima, pampu inasimama ila maji yaliyoko mbele bado yanakwenda, nyuma yake panabaki utupu. Ndo maana ya zile valvu za hewa unazoziona kwenye vilele vya mabomba makubwa ya maji. Uliza watu wa prosesi maswali haya matatu kwa maandishi na wakujibu kwa maandishi.

Hatua ya 3: Jaza presha zaidi ya moja

Usilazimishe laini yote iishi kwenye namba moja. Programu zinakupa nafasi, CAESAR II ina visanduku vya presha P1 mpaka P9. Mimi napanga hivi: P1 ni hasi 0.1013 MPa kwa ajili ya vakyumu, P2 ni presha chanya kubwa kama ipo, mfano wakati wa kupiga mvuke, na presha ya haidrotesti (kupima bomba kwa kulijaza maji yenye presha) inakaa kwenye kisanduku chake. Sifuri huhitaji kuijaza, unaipata kwa kutengeneza kesi, yaani mchanganyiko wa mizigo, ambayo haina P kabisa.

Kwenye joto, badilisha joto la mazingira. CAESAR II inaanza na nyuzi 21.1, ambazo Dar labda uzipate usiku wa Julai. Weka joto halisi la kufunga bomba. Kwa mfano wetu kutoka 30 kwenda 240, stenlesi inarefuka kama milimita 3.6 kwa kila mita, bomba la wima la mita 9 linakupa milimita 33 kwenda juu. Hiyo ndo sababu kuna belosi hapo, maana bomba la inchi 20 kwenye nafasi fupi halikunji kirahisi na nozeli ya ejekta (mdomo wake bomba linapoungwa) haivumilii.

Uzito wa kilicho ndani: kwenye laini ya mvuke wa vakyumu weka sifuri tu. Ila kama una ule mguu mrefu wa maji unaoshuka kutoka kwenye kondensa mpaka kwenye shimo la maji, ule unajaa. Vakyumu kamili inanyanyua maji mita 10.3, kwahiyo weka uzito wa maji mpaka urefu huo, na kumbuka presha ya mguu huo sio moja, juu ni vakyumu, chini kabisa ni presha ya anga.

Hatua ya 4: Kamodeli kadogo ka kupima alama

Usiamini programu yoyote, hata ile unayoitumia miaka kumi, kwenye suala la alama ya hasi. Toleo linabadilika, mipangilio ya ofisi inabadilika. Fungua faili jipya, weka bomba la mita 5 lililolala, anka huku, belosi katikati, anka kule. Joto liwe la mazingira. Kipenyo fanisi cha belosi (wastani wa kipenyo cha ndani na cha nje cha mikunjo) weka milimita 540, presha hasi 0.1013. Endesha.

Hesabu ya mkono: eneo la duara la milimita 540 ni mita za mraba 0.229, zidisha na 101.3 kPa unapata 23.2 kN. Karibu tani mbili na kilo mia nne. Programu inatakiwa ikupe namba hiyo hiyo kwenye anka, na mwelekeo uwe belosi inavuta anka zote mbili kuja katikati. Sasa badilisha presha iwe chanya, mwelekeo unatakiwa ugeuke. Kama haujageuka, au namba ni sifuri, hujajaza kipenyo fanisi, au programu yako inachukulia presha hasi kama sifuri, na ni afadhali ujue leo. Dakika kumi tu. Hako kafaili kahifadhi kwenye folda ya mradi.

Hatua ya 5: Belosi na vyuma vyake vya kufungia

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoumia.

Belosi nyingi zinakuja na zile nondo ndefu zenye nyuzi pembeni, zimepita kwenye masikio ya sahani pande zote mbili na nati mwishoni. Kazi yake ni kuzuia belosi isifunguke presha ikisukuma. Nati ziko upande wa nje wa sahani. Belosi ikitaka kurefuka, nati zinakamata. Ila belosi ikitaka kufupika, kuna nini kinachoizuia? Hakuna. Nondo inateleza tu ndani ya tundu. Na vakyumu ndo inachofanya, inafupisha.

Miaka kadhaa nyuma nilifanya stresi ya laini ya aina hii, na nondo niliziweka kwenye modeli kama kitu kigumu kinachozuia pande zote mbili. Ndo ilivyozoeleka, unachora kitu kigumu kisicho na uzito, unaunganisha nodi, unaendelea. Ripoti ikawa nzuri, nozeli zote ziko chini ya kikomo. Siku ya kuwasha niko pale, pampu za vakyumu zinavuta, geji inashuka taratibu, na fundi mkuu, mzee mmoja mtulivu sana, akanishika bega. "Injinia, hili bomba linatembea."

Nikamwambia mzee haliwezi kutembea, limefungwa. Akanipeleka. Ile sapoti ya kiatu iliyokuwa imekaa juu ya boriti ilikuwa imenyanyuka, naweza kupitisha vidole viwili chini yake. Tukapanda mpaka kwenye belosi. Mikunjo yake ilikuwa imegusana upande mmoja, sarafu ya shilingi mia mbili isingepita katikati. Na nondo zilikuwa zimechomoza nje ya sahani, kati ya nati na sahani kuna nafasi safi ya upana wa kiganja, nyuzi zinang'aa grisi. Upande wa ndani hakuna nati hata moja. Mchoro wa msambazaji ulikuwa hivyo hivyo, na mimi niliusaini.

Tulizima. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka. Belosi ikatupwa, ikasubiriwa nyingine kwa wiki nyingi, na kiwanda hakizalishi.

Kwahiyo fanya hivi. Kwanza omba mchoro wa belosi na utazame nati kwa macho yako, ziko nje tu au nje na ndani. Kwa laini inayoingia vakyumu dai nati pande zote mbili za sahani, angalau upande mmoja wa nondo, au muundo mwingine wa msambazaji unaozuia kufupika. Pili, kwenye modeli weka kizuizi chenye mwelekeo. Kama nati ni za nje tu, nondo izuie kurefuka tu, kufupika iwe huru. Programu zote kubwa zina kizuizi cha upande mmoja chenye nafasi, tumia hicho badala ya kitu kigumu. Utaona mara moja namba za nozeli zinavyobadilika.

Ila angalizo, nati za pande zote zinazuia belosi isifupike kwa mhimili, maana yake na ule urefukaji wa bomba wa milimita 33 hauingii tena kwenye belosi hiyo. Huwezi kupata vyote. Kama unategemea belosi moja imeze joto kwa mhimili, basi nondo lazima ziwe huru na vakyumu ibebwe na anka za kweli. Kama hutaki anka kubwa, badilisha njia ya bomba, liende pembeni kwanza, utumie belosi mbili zilizofungwa zinazocheza kushoto kulia. Mimi siku hizi nakwenda na hiyo ya pili karibu kila mara, gharama ya belosi inapanda ila chuma cha anka kinapungua, na silali nikiwaza.

Hatua ya 6: Kesi za kuendesha

Wengi wanaendesha kesi moja ya uendeshaji, W+T1+P1 (W ni uzito, T ni joto, P ni presha), wanamaliza. Fikiria mtambo unavyoishi siku nzima. Asubuhi wanavuta vakyumu kwanza, bomba bado la baridi. Kisha joto linapanda. Jioni au likitokea tatizo, vakyumu inavunjwa, hewa inaingia, bomba bado la moto. Hizo ni hali tatu tofauti na nozeli inaziona zote. Kwahiyo:

W+P1, vakyumu baridi. Hapa belosi inavuta na hakuna joto la kusukuma upande wa pili, na kwenye laini nyingi hii ndo kesi mbaya kuliko zote kwa nozeli, wengi wanashangaa.
W+T1+P1, moto na vakyumu.
W+T1, moto, vakyumu imevunjwa.
W+T2+P2 kama kuna kupiga mvuke.
WW+HP, haidrotesti, WW ni uzito bomba likijaa maji na HP ni presha ya testi.

Nguvu za nozeli na anka zitoe kwenye hizi zote, chukua kubwa kwa kila upande, usichukue wastani wala usichague ile inayopendeza.

Kwa stresi ya kudumu (ya uzito na presha, bila joto) endesha W+P1 na pia W peke yake, uchukue kubwa. Sababu ni kwamba presha hasi inaleta mgandamizo kwenye bomba, na kutegemea programu inavyojumlisha, mgandamizo huo unaweza kupunguza ile stresi ya kuvutika inayotokana na uzito. Vakyumu isikusaidie. Siku moja haitakuwepo na uzito utakuwepo.

Ukubwa wake ni huu: presha mara kipenyo gawa kwa unene mara nne, 0.1013 × 508 ÷ (4 × 5.54), jibu ni 2.3 MPa. Chuma hicho kwenye joto hilo kinaruhusiwa zaidi ya 100. Sasa unaona kwanini yule kijana alipata ripoti zinazofanana. Athari ya Bourdon nayo, yaani bomba kubadilika urefu kwa sababu ya presha, mita 10 za bomba zinafupika kama milimita 0.05, iache. Presha kukaza kona, yaani kubadilisha ugumu wa kona kukunjika, hesabu inatoa asilimia chache tu kwenye hii inchi 20, na kwa vakyumu sichukui nafuu yoyote kutoka huko, nazima hicho kipengele.

Hatua ya 7: Kubonyea, nje ya programu

Ile sehemu ya ripoti inayosema unene unatosha, kwenye laini ya vakyumu haina maana. Imekagua presha ya ndani, na presha ya ndani haipo. B31.3 yenyewe, ile kanuni ya ASME ya mabomba ya viwandani, kwa presha ya nje inakutuma ASME Section VIII Division 1 (kanuni ya vyombo vya presha), kifungu UG-28. Kwa hiyo fungua Excel.

Kwa bomba refu lisilo na pete, hesabu ya haraka ni hii: mara mbili ya E (moduli ya ugumu wa chuma), gawa kwa 0.91, zidisha na jibu la unene gawa kwa kipenyo ukiliinua kwa tatu, kisha gawa kwa 3 ya usalama. E ya stenlesi kwenye joto hilo chukua 180,000 MPa.

Kwa unene kamili wa 5.54 unapata 171 kPa. Unahitaji 101.3. Safi, watu wanafunga faili hapo.

Toa uvumilivu wa kiwandani, asilimia 12.5, unene unabaki 4.85. Jibu 115 kPa. Bado unapita ila kwa shida. Sasa toa milimita 1 ya kuliwa, kwa sababu mvuke huo una asidi za mafuta na bomba linatakiwa liishi miaka, unabaki na 3.85. Jibu ni 57 kPa. Umefeli, tena mbali. Unene umepungua kwa theluthi, uwezo umepungua kwa theluthi mbili, kwa sababu unene umeinuliwa kwa tatu. Hiyo tatu ndo ya kuikariri.

Dawa ni mbili, unene au pete. Pete za chuma kuzunguka bomba kila mita 3, hata kwa ule unene uliochakaa wa 3.85, zinakurudisha kwenye kama 133 kPa. Hizi ni hesabu za kukuonyesha mwelekeo, ile ya mwisho fanya kwa chati za UG-28 na pete zenyewe zipimwe kwa UG-29. Na ukiongeza pete au unene rudi kwenye modeli urekebishe, uzito umebadilika na bomba limekuwa gumu zaidi. Nimeona watu wanafanya hesabu ya kubonyea wiki ya mwisho, wanapandisha skeduli, na modeli inabaki na bomba la zamani.

Bomba lenye koti la mvuke: la ndani linabanwa na presha ya koti jumlisha vakyumu. Koti la bar 10 na vakyumu ndani ni bar 11 za kubonyeza. Usisahau hiyo moja.

Belosi yenyewe kubonyea ni kazi ya msambazaji, ila mwambie kwa maandishi vakyumu kamili na joto lake, usimpe ile presha chanya peke yake.

Hatua ya 8: Haidrotesti, siku ambayo kila kitu kinageuka

Laini ya vakyumu inapimwa kwa presha ya ndani, mara 1.5 ya tofauti ya presha ya nje na isiwe chini ya 105 kPa. Kwetu ni 152 kPa. Inaonekana ndogo, ila angalia mambo mawili.

La kwanza ni maji. Bomba letu tupu lina uzito wa kama kilo 70 kwa mita. Likijaa maji unaongeza kilo 194 kwa mita. Yaani kitu ulichokisanifia sapoti kama karatasi, siku ya testi kinakuwa karibu mara nne. Springi zifungwe pini, sapoti za muda ziwekwe, na hizo sapoti za muda ziwemo kwenye modeli. Bomba jembamba kama hili linabonyea hata pale linapokalia boriti, weka bamba la ziada chini yake.

La pili ni belosi. Sasa inasukuma nje, 152 kPa mara 0.229 ni karibu 35 kN, wakati kwenye kazi itavuta ndani 23. Anka ile ile, pande mbili. Mtu wa sivili ukimpa namba moja bila alama, atasanifu bolti kwa upande mmoja. Mpe jedwali lenye jumlisha na toa, na chora mshale.

Hatua ya 9: Saiti, kabla hawajawasha

Nenda mwenyewe. Usitume picha ya WhatsApp ikuambie. Angalia vyuma vya njano au vyekundu vya kusafirishia belosi vimetolewa, pini za springi zimetolewa baada ya testi, sapoti za muda zimeondoka. Kisha panda mpaka kwenye belosi na tochi, uguse nati moja moja kwa mkono, za nje na za ndani, uone zile za kufungia nati zimekazwa. Piga mstari wa chaki kwenye nondo pale inapoingia kwenye sahani, na mwingine kwenye kiatu cha sapoti juu ya boriti. Waambie wavute vakyumu bomba likiwa la baridi kwanza, taratibu, wasimame kwenye nusu, uangalie mistari yako. Ikiwa imesogea zaidi ya ile namba iliyoko kwenye kesi ya W+P1, wasimamishe hapo hapo, halafu urudi kwenye modeli.